Mfungaji na Mfungwa: Uhuru wa Mtu na Maadili Yake

Mhadhara uliotolewa baada ya futari, Turffontein, Johannesburg, Ramadhani 1446

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai, tukiwa na afya na paa juu ya vichwa vyetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. 

Amma baad. Viongozi wa jumuiya waliponialika nizungumze usiku wa leo, waliniachia nichague mada. Nilikuwa nimekusudia kuzungumzia fadhila za kumi la mwisho. Lakini katika kikao cha Jumapili iliyopita lilitolewa pendekezo ambalo sikuweza kulipita kimya, nami nikaomba ruhusa nilijibu hapa, kwa kuwa linatuhusu sote. Mmoja wa wazee wetu, mtu mwema ninayemheshimu, alieleza kwamba vijana wetu kadhaa wameonekana wakiingia katika maduka ya kamari mchana wa Ramadhani, na wengine hucheza katika simu hata wakiwa wamekaa safuni wakisubiri ikama. Akapendekeza iundwe kamati ya watu watatu, iwafuatilie, iwapige picha, na picha hizo ziwekwe katika kundi letu la WhatsApp, ili wahusika waone haya na wengine waogope. Wengi waliitikia kwa vichwa. Ndipo akasimama kijana mmoja akasema: "Nchi hii ni huru. Fedha ni zangu na simu ni yangu. Sheria hainikatazi, nyinyi ni nani mnikataze?" Kikao kikavunjika kwa kelele.

Usiku wa leo nataka kusema kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lao ni moja. Mwenye kamera na mwenye simu wote wawili wanaamini kwamba maadili ni kazi ya yule anayekutazama. Wa kwanza anasema: tumtazame, ndipo atakapokuwa mwema. Wa pili anasema: hakuna mwenye haki ya kunitazama, basi sina la kujibu. Saumu tuliyoifunga leo inawakanusha wote wawili.

Tuanze na mwenye kamera, kwa kuwa ndiye aliyepata kura nyingi.

Tunaishi Turffontein, mtaa ambao jina lake halitengani na uwanja wa mbio za farasi. Uwanja huo ulianzishwa mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya mji wa Johannesburg wenyewe. Kwa hiyo kamari si mgeni aliyeingia na simu. Ipo hapa tangu mji huu ulipokuwa mahema na mashimo ya dhahabu. Utawala wa makaburu ulipoipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1965, uliacha mlango mmoja wazi, nao ni kuweka dau kwa farasi. Waliotaka karata na mashine za kamari walipanda magari yao hadi Sun City, iliyofunguliwa mwaka 1979 huko Bophuthatswana, eneo ambalo serikali hiyohiyo ilidai kuwa ni nchi nyingine. Mwisho wa juma watu waliivuka mipaka iliyochorwa na serikali yao wenyewe, wakafanye ng'ambo yale yaliyokatazwa nyumbani.

Utawala huo, ndugu zangu, ulijiita mlinzi wa maadili. Uliizuia televisheni isiingie nchini hadi mwaka 1976. Ulikuwa na sheria iliyoitwa Sheria ya Uasherati, iliyotungwa mwaka 1927 na kupanuliwa mwaka 1950, iliyoharamisha mapenzi baina ya Wazungu na wasio Wazungu; na mwaka 1949 ilikuwa imekwisha kupitishwa sheria ya kukataza ndoa baina yao. Zingatieni: hata ndoa, ambayo sisi tunaihesabu kuwa nusu ya dini, ilikatazwa na sheria endapo rangi za wanandoa hazikulingana. Polisi walichungulia madirishani, wakavamia vyumba usiku, wakakagua mashuka ya watu. Makatazo hayo hayakuondolewa hadi mwaka 1985. Wazee wa mtaa huu wanaoyakumbuka wako hai. Waulizeni kama nchi ilikuwa na maadili zaidi katika miaka hiyo, au ilikuwa na hofu zaidi tu.

Nalo si jambo la zamani pekee. Mwezi Februari mwaka 2017, hapa jirani Rosettenville, wakazi waliokasirishwa na ukahaba na dawa za kulevya waliziteketeza kwa moto nyumba kadhaa walizodai kuwa ni madanguro na maficho ya wauzaji. Hasira yao ilikuwa na sababu; hakuna mzazi anayependa mwanawe apite mbele ya mlango wa namna hiyo akienda shule. Lakini wengi wetu tuliokuwa hapa tunakumbuka usiku zile. Tulifunga milango, tukazima taa, tukasikiliza sauti barabarani. Umati unaokwenda kusafisha maadili haumsomi mtu pasipoti yake wala haumuulizi kazi yake. Humtazama uso, humsikiliza lafudhi, ukamaliza hukumu. Sisi wageni wa nchi hii ndio watu wa mwisho duniani wanaopaswa kuanzisha kamati za kuwafuata watu kwa makosa yao ya siri, kwa sababu tunajua kamati za aina hiyo hukomea wapi.

Na kama historia ya hapa haitoshi, basi tusikilize ya kwetu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar ibn al-Khattab, Mungu amridhie, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia kelele za ulevi ndani ya nyumba. Akapanda ukuta, akamwona mtu na pombe yake, akamkemea. Yule mtu akamjibu: Ewe Amiri wa Waumini, usifanye haraka. Ikiwa mimi nimemuasi Mungu katika jambo moja, wewe umemuasi katika matatu. Mungu amekataza kupelelezana, nawe umepeleleza. Ameamrisha nyumba ziingiwe milangoni, nawe umepanda ukuta. Ameamrisha watu wabishe hodi na kutoa salamu, nawe umeingia bila salamu. Umar, ambaye watu walimwogopa hata walipomsikia akikohoa, hakubisha. Alikubali, wakasameheana, akaondoka.

Tazameni kwamba kisa hiki hakisemi pombe ni halali. Mlevi mwenyewe hakudai hivyo. Alikiri kwamba amemuasi Mungu. Kisa kinasema kwamba ukuta wa nyumba ya mtu nao una haki, na kwamba huwezi kuisimamisha amri moja ya Mungu kwa kuzivunja tatu. Leo ukuta wa mtu ni pamoja na simu yake, na picha yake. Kamera ya kamati yetu ingekuwa ni kupanda ukuta.

Katiba ya nchi hii ya mwaka 1996 inasema jambo linalokaribiana na hilo. Kifungu cha 14 kinalinda faragha ya mtu. Kifungu cha 15 kinalinda dhamiri, dini na imani yake. Kwa kifungu hicho cha 15 tumeswali tarawehe hapa bila kumwomba kibali mtu yeyote. Mlango huo ni mmoja. Hatuwezi kuomba ufungwe kwa jirani tusiyependa mwenendo wake, ukabaki wazi kwetu.

Hapo nawaona vijana wangu wa nyuma mnatabasamu. Msitabasamu sana. Sasa ni zamu yenu.

Mwanangu uliyesema nchi hii ni huru, umesema kweli. Lakini nikikusikiliza, naona kwamba uhuru ulio akilini mwako umetoka mbali kidogo, katika filamu na nyimbo za Marekani: kila mtu na lake, usinihukumu. Basi tuitazame Marekani yenyewe, kwa maana ni nchi iliyolijaribu jambo hili kwa njia zote mbili.

Mwaka 1920 Marekani iliharamisha utengenezaji na uuzaji wa pombe nchi nzima, kwa kuibadilisha katiba yake. Waliolipigania jambo hilo walikuwa wengi wao watu wa dini, na wanawake waliochoka kuona mishahara ikinywewa. Nia yao ilikuwa njema. Lakini watu waliendelea kunywa vichochoroni, majambazi wakatajirika kwa magendo, na mwaka 1933 katazo lilifutwa. Hiyo ni njia ya kwanza: sheria ilitaka kufanya kazi ya dhamiri, ikashindwa.

Njia ya pili ni ya juzi tu. Mwezi Mei mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yameiruhusu. Hoja iliyosikika sana ni hii yako, mwanangu: mtu mzima aachwe aamue mwenyewe. Lakini je, aliachwa? Sheria ilipotoka chumbani, hakubaki peke yake na dhamiri yake. Waliingia wafanyabiashara wenye mitaji mikubwa, wakakaa mfukoni mwake ndani ya simu, wakamzawadia dau la kwanza, wakamtumia ujumbe kabla ya kila mechi, wakajua saa anayochoka na saa anayopokea mshahara. Nchi hii ilihalalisha kamari kwa sheria ya mwaka 1996, na hali ya simu zetu mnaijua wenyewe. Unasema hutaki mtu akutazame. Kijana wangu, unatazamwa usiku na mchana. Tofauti ni kwamba mzee wa kamati angekutazama bure, na hawa wanalipwa kwa kukutazama, na anayewalipa ni wewe.

Nitawapa Mmarekani mwingine wa kuigwa. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Muhammad Ali aliitwa jina lake aingie jeshini apelekwe vita vya Vietnam, naye akakataa kupiga hatua mbele, akisema dini yake haimruhusu. Alinyang'anywa ubingwa wa dunia, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na ingawa alikuwa nje kwa rufaa, alikaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, katika umri ambao bondia huwa katika kilele chake. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ilimfutia hatia. Huyu naye alisema nchi ni huru. Lakini aliutumia uhuru wake kujitwika mzigo, wala hakuutumia kuutua. Hicho ndicho kipimo. Ukisema "nina uhuru", nitakuuliza: umeutumia kubeba nini?

Sasa kuhusu hizi fedha zako. Surat al-Baqara, aya ya 219, inapotaja pombe na kamari haikatai kwamba zina manufaa. Inasema kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu wa zamani walimchinja ngamia, wakapigia kura mafungu yake kwa mishale, na mshindi mara nyingi aliwapa nyama maskini. Sadaka ilikuwemo. Hata leo hapa Afrika Kusini sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya taifa huenda kwa mashirika ya hisani. Kurani haikudanganya kuhusu manufaa ili ikushinde katika hoja. Imekuwekea mizani, ikakwambia upande upi umelemea.

Na upande uliolemea ndio ule usiouona ukiwa na simu mkononi. Vijana wetu wameliazima neno zuri la Kiswahili. Wakipanga mechi zao wanasema wametandika mkeka, na zikiharibika wanasema mkeka umechanika. Mnajua mkeka ni kitu gani? Mkeka ni kile alichotandika mama yako uswalie. Mkeka ni kile alichokalia bibi yako akipokea watu msibani. Mkeka wako ukichanika Turffontein usiku wa Jumamosi, kuna nyumba Tanga, au Mombasa, au Bujumbura, inayolala bila kuambiwa kwa nini mwezi huu hakuna kilichotumwa. Fedha zako ndiyo, umezichuma kwa jasho. Lakini ndani yake mna fungu la mkeo, la wanao, la mzazi wako, na la mwenye nyumba. Ulipozishika zote ulizishika kwa amana.

Naomba niwasimulie jambo moja. Mwenyewe aliniruhusu, ila nisimtaje. Mwaka juzi alinijia ndugu mmoja baada ya Isha. Ni fundi, mtu wa kazi. Alilipwa mshahara Ijumaa, na hadi Jumapili jioni ulikuwa umekwisha katika simu. Mwanawe nyumbani alikuwa amerudishwa shule kwa ajili ya ada. Nilidhani amekuja kukopa. Akatoa kadi yake ya benki akaiweka mbele yangu, akasema: "Ustadhi, kaa nayo hii." Nikamwambia mimi sitaki kuwa askari wako. Akanijibu kwa maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Si askari. Ninayejifunga ni mimi. Wewe nishikie tu ncha ya kamba."

Wazee wangu, vijana wangu, hapo ndipo palipo na mhadhara wote. Lugha yetu imetupa neno moja, kufunga, kwa saumu na kwa kamba na kwa gereza. Lakini anayejifunga kwa hiari yake tunamwita mfungaji, na anayefungwa na wengine tunamwita mfungwa. Wote wawili hawali mchana. Wote wawili wana njaa. Mmoja anapata thawabu, mwingine anasubiri mlango ufunguliwe.

Mwezi Machi mwaka 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu waliokuwa wakila hadharani mchana wa Ramadhani. Wako wanaosema ni kulinda heshima ya mji, nami naijua heshima hiyo, ni nzuri, na asiyefunga anapojisitiri mbele ya wanaofunga anafanya adabu. Lakini aliyeshinda na njaa kwa kuogopa karandinga, hiyo ni saumu ya nani? Saumu ndiyo ibada ambayo mwanadamu hawezi kuihakikisha. Aliyeingia bafuni akanywa fundo la maji, hakuna kamera itakayomjua. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ametuachia hapo uhuru mpana kabisa, kisha akasema lengo la kufunga ni kupata uchamungu. Hapa Turffontein hakuna wa kukukamata. Migahawa iko wazi, na mwenzako kazini anakuletea mkate saa sita kwa wema wake. Ukimwambia "ahsante, nimefunga", umetumia uhuru wa katiba na umetimiza amri ya Mola wako kwa neno moja. Mchana kutwa unaweza kukiacha hata kilicho halali, maji na mkate. Basi utashindwaje kukiacha kilicho haramu?

Nimalizie kwa mambo matatu ninayoiomba jumuiya iyafikirie mahali pa lile pendekezo.

La kwanza, kamati isiundwe. Anayejua ndugu yake amezama katika kamari aende kwake yeye mwenyewe, peke yake, usiku, bila kumsimulia mtu wa tatu. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba anayeisitiri aibu ya Muislamu, Mungu humsitiri yeye. Kuamrisha mema ni wajibu, sikuuondoa. Lakini una mlango wake, na mlango huo hubishwa hodi.

La pili, tushikiane kamba. Atakayetaka mtu wa kumshikia kadi, au wa kumtumia fedha nyumbani siku ileile ya mshahara kabla haujaguswa, aseme, na wako watu waaminifu watakaofanya hivyo bila kuuliza zaidi ya anachotaka kueleza.

La tatu, tuijue sheria. Sheria ya Kamari ya Taifa ya mwaka 2004 inamruhusu mtu kujiandikisha mwenyewe awe miongoni mwa watu wanaozuiliwa kucheza, na jamaa wa karibu anaweza kuiomba mahakama itoe amri hiyo kwa mtu wao. Nchi hii huru imekupa hata uhuru wa kujifunga. Anayetaka kujaza fomu na Kiingereza kinamsumbua, tutakaa naye baada ya Alasiri siku yoyote.

Mzee wangu uliyetoa pendekezo, nimekupinga mbele za watu kwa sababu ulilitoa mbele za watu, na najua lililokusukuma ni uchungu wa mzazi. Nisamehe. Nawe mwanangu uliyesimama kumjibu, ulisema sisi ni nani tukukataze. Sisi ndio watakaokuosha na kukusafirisha ukifa huku ugenini. Sisi ndio tutakaompigia simu mama yako. Hatudai kukufunga. Tunaomba ukijifunga, utupe ncha ya kamba tukushikie.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Tusitirie aibu zetu, na utujaalie tuwe wenye kusitiri. Wape vijana wetu riziki ya halali, na uwape nguvu ya kuiacha haramu wakiwa peke yao. Wahurumie wazazi wetu walio mbali, na uturudishe kwao salama. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.